Mama Besi Ajifunza Kulegeza

Wanaume watatu walilijaribu lile tarumbeta kubwa kabla yake, na wote walilirudisha. Mmoja alisema linamuumiza bega, wa pili alisema linamaliza pumzi, wa tatu hakusema kitu, aliliacha tu mlangoni pa ukumbi wa mazoezi akaenda zake. Binti wa shule, mwembamba kama ufito, ndiye aliyelivaa, akalipuliza, likaitika. Tangu siku ile halikupata mpigaji mwingine. Wenzake katika bendi waliliita besi, na baada ya binti kuolewa na kuzaa, naye akawa Mama Besi, mpaka watu wakasahau kwamba alikuwa na jina jingine.

Bendi yao ilikodiwa kwa harusi, mazishi, mahafali, hata kufungua maduka. Mama Besi alitembea nyuma ya wenzake, besi limemzunguka kuanzia bega hadi kiuno, mdomo mpana wa chombo umetazama mbele kama sufuria la shughuli. Alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko. Watu wakikaa naye basi mbavu hazina lao. Alizaa watoto wanne, wote wakubwa, na wa mwisho alipotoka mkunga alimpima, akampima tena, kisha akasema huyu kaja na begi lake la shule tayari.

Ila huyohuyo wa mwisho ndiye aliyemwachia shida. Mama Besi alianza kuvuja.

Mwanzoni ilikuwa akikohoa. Baadaye ikawa akicheka, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo dogo. Kisha ikawa akipuliza. Noti ndefu ya chini, ile inayotoka tumboni kabisa, ilikuwa haipiti bila kushuka na matone yake. Hakumwambia mtu. Alijipanga kimyakimya kama anayepanga vita. Alimshawishi kiongozi wa bendi, mzee wanayemwita Kapteni, kwamba sare za kahawia zimepitwa na wakati na kwamba nyeusi ndiyo yenye heshima. Bendi nzima ikashonewa nguo nyeusi, watu wakasifu, na hakuna aliyejua sababu. Alivijua vyoo vyote vya mjini: cha benki ambako mlinzi haulizi maswali, cha kituo cha mafuta ambacho ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha mti, cha duka la dawa ambacho lazima kwanza ununue kitu. Siku ya shughuli hakunywa maji tangu alfajiri, akapuliza huku kichwa kinamgonga.

Siku moja alimsikia daktari redioni akisema kwamba wanawake wenye shida hiyo wafanye mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga, ile inayokibeba kibofu. Mama Besi akafurahi. Kukaza alikujua. Maisha yake yote aliambiwa akaze. Mwalimu wake wa kwanza wa muziki alikuwa akizunguka nyuma ya wanafunzi na fimbo, akisema kaza tumbo, kaza makalio, sauti itoke. Katika chumba cha kujifungulia aliambiwa jikaze mama. Mama yake mzazi alipofariki, yeye ndiye aliyepuliza besi mbele ya jeneza, na shangazi zake walimshika mkono wakamwambia jikaze, mwanetu, wewe ndiye mkubwa. Akajikaza. Alipiga wimbo mzima bila chozi, na watu walimsifu kwa hilo hadi arobaini ikapita.

Basi akaanza kukaza. Alikaza akiosha vyombo, akipanga foleni, akisubiri uji uchemke. Kama ni dawa, alisema moyoni, nitakunywa chupa nzima. Lakini badala ya kupona, mambo yalizidi kuwa mabaya. Kiuno kikaanza kumuuma kwa chini. Mkojo ukawa unatoka kwa kukatakata, na akisimama anahisi haujaisha. Akiweka tu ufunguo mlangoni kwake, haja inamjia kwa kishindo mpaka anautupa mfuko sebuleni na kukimbia. Hata mambo ya mume na mke yakawa ya maumivu, na yeye, ambaye hakuwahi kukosa neno, akawa mtu wa visingizio: leo mgongo, kesho usingizi.

Kilichomshinda ni mahafali ya chuo fulani. Bendi ilikuwa ikipanda ngazi za ukumbi, wahitimu nyuma yao, na Kapteni akainua mkono kuomba noti ndefu ili msafara ujipange. Mama Besi akavuta pumzi, akakaza kila kitu alichonacho, akapuliza. Safari hii hayakuwa matone. Alisikia joto likishuka mpaka kwenye soksi. Hakuacha kupiga, kwa sababu besi likinyamaza bendi nzima inapoteza njia. Walipofika juu na wimbo kuisha, alilivua besi, akachukua chupa ya maji ya mwenzake, akajimwagia kwenye sketi yote, akasema joto la leo litamuua mtu. Wenzake wakacheka. Yeye pia akacheka, kwa mdomo tu.

Kesho yake alimwambia Kapteni kwamba besi limemchosha, anaomba kupewa matoazi. Kapteni alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mto umeomba kuwa kisima. Alidhani bendi pinzani imemnunua. Alimuuliza mara kadhaa nani kamuudhi, na alipokosa jibu alimpa matoazi, shingo upande. Matoazi yenyewe Mama Besi hakuyaweza. Alizoea kupiga mfululizo, sasa alitakiwa kungoja na kugonga kwa wakati wake, na kila mara aligonga mapema.

Aliyemfumania ni wifi yake, mdogo wa mumewe, mwenye saluni karibu na soko. Wifi huyu alikuwa na macho ya kuona na mdomo usioogopa. Alimngoja Mama Besi aje kusukwa, kwa sababu mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kukimbia. Alipofika katikati ya kichwa, akamuuliza kwa sauti ya chini habari za mahafali, ambazo wateja walishamsimulia. Mama Besi akaanza hadithi ya joto.

"Wifi," akasema yule mwenye saluni, bila kuacha kusuka, "tangu lini mtu akashikwa na joto akajimwagia maji sketi, kichwa kikabaki kikavu?"

Mama Besi akageuza macho. Kioo kilikuwa mbele yake na hakuwa na pa kutazama.

"Wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi," wifi akaendelea. "Lakini wewe ndiye pakacha, na wewe ndiye mchukuzi. Sasa nafuu iko wapi?"

Hapo Mama Besi alicheka mpaka akabana miguu, na katika kubana miguu akaanza kulia, na katika kulia akasema yote. Wifi hakushtuka. Alimwambia kwamba kiti kile kimesikia habari hizo mara nyingi. Wake kwa waume wa mji huu hawajui ni wangapi wanaovaa nguo nyeusi kwa sababu ileile. Mficha maradhi, kilio humfichua, akasema, na akamalizia kusuka. Wiki hiyohiyo alifunga saluni kwa nusu siku, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na viatu visivyotoa mlio. Mezani kwake kulikuwa na nyonga ya plastiki, na ndani yake kitambaa chekundu kilichovutwa kutoka mfupa hadi mfupa. Alieleza kwamba hiyo ndiyo sakafu ya nyonga, misuli inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa chini; kila mtu anayo, na kwa wengi huchoka baada ya kuzaa au kadiri umri unavyosonga. Aliuliza maswali mengi, akaomba ruhusa ya kumpima, akampima kwa upole huku akimweleza kila anachofanya. Kisha akamwambia avae, akakaa mbele yake.

"Funga ngumi," akasema. "Kaza. Kaza zaidi. Usiiachie."

Mama Besi akakaza ngumi, na kukaza ndiyo fani yake. Mtaalamu akaendelea kuzungumza mambo mengine, habari za bendi, habari za watoto, mpaka mkono ukaanza kutetemeka. Ndipo akamnyooshea kalamu.

"Haya, ishike hii. Lakini usifungue ngumi."

Hakuweza. Kalamu ikagonga vidole na kuanguka.

"Ndivyo ilivyo misuli yako. Haijakosa nguvu kwa uvivu. Imefungwa siku nzima, kwa miaka. Ukipuliza, ukikohoa, inatakiwa ikaze, na haina pa kukazia tena. Wewe hutaanza na kukaza, mama. Utaanza na kulegeza."

Alisema pia kwamba si kila anayevuja yuko hivyo. Wengine misuli yao ni milegevu na wanahitaji kuijenga tangu mwanzo, wengine wanahitaji dawa au upasuaji, ndiyo maana hupimwa kwanza mtu, hapewi dawa ya jirani. Maji asiache kunywa, maana mkojo mzito hukikera kibofu. Kwake yeye, mazoezi ya kwanza yalikuwa kukaa kimya kila siku, macho yamefumbwa, kufuata pumzi na kuupitia mwili kwa fikra, kiungo kimoja baada ya kingine. Alikuita kutafakari.

Mama Besi aliona kama amedhulumiwa. Alitarajia mashine, au angalau vidonge. Akauliza kama kweli ametoka nyumbani kuja kuambiwa akae tu.

"Ukae," mtaalamu akasema, "lakini si tu."

Na kuhusu pumzi, Mama Besi akasema kwa majivuno kidogo, yeye anapumua kwa kazi. Mtaalamu akamwomba aonyeshe. Akavuta ile pumzi yake ya jukwaani, mabega yakapanda, kifua kikajaa, tumbo likaingia ndani na kuwa gumu kama ubao. Mtaalamu aliweka kiganja pale tumboni, akatabasamu. Hii, alisema, ni pumzi ya kwenda kupigana. Akamwonyesha nyingine: mbavu zinatanuka kwa pembeni, tumbo linajaa taratibu, na ile sakafu ya chini inashuka kidogo, kama godoro linapokaliwa; na pumzi ikitoka, inapanda yenyewe. Mama Besi alijaribu. Haikuja. Aliondoka pale akiwa amenuna, na wifi yake, aliyekuwa akingoja nje, alijua asiulize.

Hata hivyo alikuwa mtu wa mazoezi. Mtu aliyejifunza besi anajua kwamba jambo halikubali siku ya kwanza. Akachagua saa za mchana, watoto wakiwa shule, mumewe karakanani, akakaa chumbani kwenye kiti kisicho na mikono, uso ukielekea ukutani, akafumba macho.

Ndipo alipogundua kelele zilizomo kichwani mwake. Kulikuwa na chungu alichoacha jikoni, sare ya mtoto iliyochanika, wimbo wa harusi ya wiki iliyopita uliokataa kuisha. Alipojaribu kushusha fikra huko chini alikoambiwa, hakukuta kitu. Palikuwa kama chumba kilichofungwa zamani na ufunguo umepotea. Aliporudi hospitali kulalamika, mtaalamu alimwambia aache chumba hicho, aanze na kile anachokihisi. Unahisi nini? Mama Besi akafikiri, akasema anahisi taya. Basi alegeze taya.

Akalegeza taya. Akauacha ulimi ulale. Na siku moja, bila kutafuta, akagundua kwamba taya likiachia, kuna kitu kingine mbali huko chini kinachoachia pamoja nalo, kama ndugu wawili wanaoishi miji tofauti na bado wanapigiana simu. Alishtuka mpaka akafumbua macho. Akayafumba tena kuhakikisha. Ilikuwa kweli.

Wakati huo mumewe alikuwa na mashaka yake. Alikuwa fundi seremala, mpole, mtu wa maneno machache aliyeoa mwanamke wa maneno mengi na kuridhika na mgawanyo huo. Sasa akirudi mchana kuchukua chakula anamkuta mkewe ameelekea ukutani, kimya, hajibu hata salamu. Na wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Akakumbuka visingizio vya usiku. Akahesabu makosa yake, akayapata. Siku ya kwanza alitengeneza mlango wa kabati la jikoni uliokuwa ukining'inia tangu mwaka uliopita. Siku ya pili akaondoa mlio wa kitanda. Kisha akaleta matunda, kisha kitambaa cha meza. Mama Besi alishukuru kila kimoja na kurudi kwenye kiti chake, jambo lililomtia mzee wa watu hofu kubwa zaidi.

Mwishowe alivuta kigoda, akakaa pembeni yake, akamngoja afumbue macho.

"Mama watoto," akasema, "kama nimekosa, niambie. Hata jaji humsomea mtu mashtaka yake."

Mama Besi alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona jambo hilo kama lilivyoonekana kutoka upande wa pili. Akamwambia. Alimwambia habari za kuvuja, za nguo nyeusi, za ngazi za ukumbi, za maumivu yaliyomfanya akikimbie kitanda, na kwamba haikuwa kumkimbia yeye. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini, akiangalia sakafu.

"Kwa hiyo mlango wa kabati nimeutengeneza bure," akasema.

Walicheka mpaka wakashikana. Mama Besi akahisi tone, na badala ya kubana na kujificha akamwambia, hata sasa hivi, baba watoto, hata sasa hivi. Mumewe akamwambia basi acheke tu, nguo hufuliwa. Toka siku hiyo alilinda ule muda wa mchana kama mlinzi wa lango. Mgeni akibisha na kumuuliza mama yuko wapi, alijibu kwa uzito wote kwamba yuko kazini.

Mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Siku fulani, akiwa katikati ya kukaa, ile sakafu ilishuka yote kwa pamoja, kama mtu anayetua mzigo aliousahau kichwani, na machozi yakamtoka bila taarifa. Alikuwa analia kwa ajili ya mama yake. Hakuwa amemfikiria. Alilia kilio chote alichodaiwa tangu siku ya jeneza, na hakuna shangazi aliyekuwepo kumwambia ajikaze. Alipoosha uso alisikia njaa, akala sahani mbili. Mtaalamu alipoelezwa hakushangaa; alisema kwa baadhi ya watu hutokea hivyo, na kwamba akila vizuri baadaye ni dalili njema.

Baada ya hapo alianza kujinasa. Alijikuta akibana simu ya Kapteni ilipoita. Alibana akisikia bomba linamwagika. Alibana akimkumbuka mwalimu mwenye fimbo, ambaye alishakufa miaka mingi. Kila mara alipojinasa aliachia pumzi nje taratibu, akaacha taya, akaendelea na kazi. Haja ilipomjia kwa kishindo mlangoni, hakukimbia tena. Alisimama palepale, mfuko mkononi, akapumua, akaingoja ipande kisha ishuke, halafu akaenda chooni kwa mwendo wa mtu mzima. Mara ya kwanza ilipofanikiwa alimpigia simu wifi yake kumpa habari kama aliyefaulu mtihani.

Mtaalamu alipompima tena alisema sasa misuli imejua kuachia, ndiyo wakati wa kuifundisha kukaza. Lakini kukaza kwa namna nyingine: pumzi inapotoka, kidogo, kwa makini, kisha kuachia mpaka mwisho kabla ya kurudia. Kulegeza kuwe kurefu kuliko kukaza. Na fikra ziwepo, zisiende sokoni.

Kisha ikaja homa ya mafua. Mama Besi alikohoa kwa siku kadhaa, na ikawa kama mwanzo, tena mbele ya wageni. Alikasirika. Alikitoa kile kiti chumbani akakipeleka uani, akasema yeye na ukuta wamemalizana. Ni mumewe aliyekirudisha, bila neno, akakiweka palepale, akaenda zake. Hospitalini akaambiwa kikohozi ni mzigo mzito hata kwa misuli yenye afya. Akihisi kinakuja, akaze kidogo kabla tu hakijatoka, kisha aachie. Akarudi kwenye kiti. Alirudi kwa ukaidi zaidi kuliko kwa imani, lakini alirudi.

Bendi nayo ilikuwa imepwaya. Mpiga ngoma alijaribu besi, akapata kizunguzungu. Kapteni alianza kukataa shughuli. Ndipo Mama Besi alipoomba kulichukua besi nyumbani, bila kuahidi kitu. Akalivaa akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mchana. Hakuvuta pumzi ya vita. Aliacha mbavu zitanuke, tumbo lijae, huko chini kushuke, na pumzi ilipoanza kutoka akapuliza noti ya chini kabisa.

Sauti ilitoka pana. Aliacha kupuliza, akajua kwamba miaka yote ile alikuwa akiisukuma kupitia mlango nusu. Sasa mlango ulikuwa wazi. Alipiga tena, na tena, mpaka jirani akagonga ukuta. Alijichunguza: mkavu.

Alirudi mazoezini siku ya Jumamosi. Bendi ilipopiga wimbo wa kwanza, Kapteni alisimamisha muziki katikati, akamuuliza amefanya nini. Mama Besi alikuwa na jibu fupi tayari, kwamba amejifunza kupumua upya. Lakini alipowatazama wenzake, wote wamevaa nyeusi kwa sababu yake, aliona haifai.

"Nilikuwa navuja mkojo," akasema. "Ndiyo maana niliacha. Nimetibiwa, nimefundishwa kulegea, na nimerudi."

Wanaume walitazama viatu vyao. Mpiga klarineti, mwanamke mwenye watoto mapacha, alimtazama yeye tu. Kapteni alikohoa, akasema vizuri, tuanze tena kutoka juu.

Mazoezi yalipoisha, mpiga tromboni alijitolea kumbebea besi mpaka nyumbani. Alikuwa polisi mstaafu, mkubwa wa umbo, ambaye bendi nzima ilimwita Afande na ambaye hakuwahi kumbebea mtu kitu. Walitembea mtaa mzima. Walipopita duka la dawa akapunguza mwendo.

"Lile jambo ulilolisema," akasema. "Ni la wanawake tu?"

Mama Besi hakumtazama. Alijua kwamba akimtazama, neno litarudi lilikotoka.

"Hapana, Afande. Misuli hiyo kila mtu anayo."

"Mimi nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Tangu hapo..." Akalihamisha besi bega la pili. "Nyumbani nimewaambia ni sukari."

Mama Besi alimwambia mahali ilipo ile hospitali, siku za kwenda, na kwamba mtaalamu ana viatu visivyotoa mlio na haulizi kitu kwa sauti. Alimwambia pia akapimwe kwanza, asianze kukaza kama yeye alivyofanya, maana huenda shida yake ni nyingine. Afande alishukuru kwa kifupi, akalitua besi mlangoni kwa uangalifu wa mtu anayetua mtoto aliyelala. Mpiga klarineti hakungoja hata wakutane mtaani. Alimpigia Mama Besi simu jioni ileile.

Mwaka ule wifi aliolewa. Alikuwa ameshakata tamaa ya ndoa na kuwaambia watu hivyo, mpaka alipokutana na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, aliyekuja saluni kumsindikiza binti yake na akarudi wiki iliyofuata bila binti. Wifi alitaka msafara wa muziki kutoka mlango wa saluni mpaka ukumbini, kilima chote, na alitaka besi liwe mbele, si nyuma. Kapteni alisema besi halijawahi kutangulia. Wifi akasema naye hajawahi kuolewa.

Basi Mama Besi akapanda kilima akiwa mbele ya bendi. Asubuhi alikaa kwenye kiti chake kama siku nyingine, na alikunywa maji yake kama kawaida. Katikati ya kilima, jua likiwaka na watu wamejipanga pembezoni, alihisi ile ngumi ya zamani ikijifunga huko chini. Aliitambua. Hakupigana nayo. Aliacha taya kadiri kupuliza kulivyoruhusu, akaacha pumzi ishuke, na hatua chache mbele ngumi ikafunguka. Akapuliza. Nyuma yake bi harusi alikuwa akicheza na viatu mkononi. Karibu na kilele lilimtoka tone moja, labda mawili. Mama Besi aliyahisi, akayapokea kama mtu anayepokea salamu ya mbali, akaendelea kupiga. Sare yake siku ile ilikuwa ya rangi ya maziwa, aliichagua mwenyewe.

Siku hizi mazoezi ya Jumamosi huanza kwa ukimya. Kapteni ndiye aliyeagiza, akisema sababu ni za kimuziki, na ni kweli bendi inalia vizuri zaidi. Wanakaa kwenye viti vya plastiki, vyombo magotini, macho yamefumbwa, na Mama Besi huwaongoza kwa sauti ya chini: taya, mabega, tumbo, chini. Mwangalizi wa ukumbi, mzee anayefungua na kufunga milango, aliwakuta hivyo mara ya kwanza, akavua kofia, akanong'ona kuuliza kama wamefiwa.

Afande alifumbua jicho moja.

"Hatujafiwa, mzee," akasema. "Vuta kiti."